Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: King of Rock ya Run-DMC, Albamu Inayorukwa

Tukiipiga albamu hii kijiweni kwetu Kijenge, maswali huwa ni yale yale. Wapo wanaotaka kujua kama ni rap au ni roki, wapo wanaouliza gitaa lile kalipiga nani, na wapo wanaotuuliza waziwazi: inatuhusu nini sisi wa Arusha? Tumeyakusanya hapa, pamoja na yanayotufikia kwa simu kutoka Moshi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi.

Hii ni albamu gani?

Ni albamu ya pili ya Run-DMC, kundi la watu watatu kutoka mtaa wa Hollis, Queens, jijini New York: Joseph Simmons anayeitwa Run, Darryl McDaniels anayeitwa DMC, na Jason Mizell, DJ wao, aliyejulikana kama Jam Master Jay. Ilitoka Januari 1985 chini ya lebo ya Profile Records. Ina nyimbo tisa. Waliosimamia utayarishaji ni Larry Smith na Russell Simmons, kaka yake Run. Lishike jina la Larry Smith, maana tutalirudia.

Run-DMC wanajulikana dunia nzima. Mbona mnasema albamu imesahaulika?

Kundi halijasahaulika, albamu ndiyo imesahaulika. Fulana zenye jina la Run-DMC utazikuta hata kwenye mitumba, lakini muulize aliyeivaa akutajie wimbo, atakutajia Walk This Way na kuishia hapo.

King of Rock imebanwa katikati. Nyuma yake kuna albamu ya kwanza ya mwaka 1984, iliyobadilisha sura ya rap kwa nyimbo kama Sucker M.C.'s na Rock Box. Mbele yake kuna Raising Hell ya mwaka 1986, yenye ule wimbo wa Walk This Way na bendi ya roki ya Aerosmith uliofika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Wanaosimulia historia wanaruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Hii ya pili inatajwa kwa jina lake tu, kwa kuwa jina ni zuri.

Haikushindwa sokoni. Iliuza, na baadaye ikapewa cheti cha platinamu huko Marekani. Ilichokosa ni nafasi kwenye kumbukumbu. Na tuseme ukweli, ina nyimbo mbili tatu zinazopwaya, ndiyo maana wengi wanaona hakuna ubaya kuiruka. Sisi tunaona wanajinyima kitu kikubwa. Ndani ya albamu hii unasikia ndoa ya rap na gitaa la umeme ikiwa bado mbichi, kabla haijapata kanuni, kabla kampuni kubwa hazijajua kwamba inauzika.

Profile ilikuwa lebo huru kweli, au ni maneno tu?

Ilikuwa huru. Ilianzishwa New York mwaka 1981 na Cory Robbins pamoja na Steve Plotnicki, na haikuwa tawi la kampuni yoyote kubwa. Miaka ile rap karibu yote ilibebwa na lebo ndogo: Sugar Hill, Enjoy, Tommy Boy, Profile. Wakubwa waliona rap ni upepo wa kupita, ukiondoa wachache kama mchanaji Kurtis Blow aliyekuwa chini ya kampuni kubwa ya Mercury tangu mwaka 1979. Kwa hiyo waliochukua hatari ya kuweka gitaa zito juu ya rap walikuwa watu wa ofisi ndogo.

Sasa ni rap au ni roki?

Swali hili linabeba dhana kwamba rap ilikuwa upande mmoja wa barabara na roki upande mwingine, halafu siku moja mtu akazivusha zikakutana. Haikuwa hivyo.

Tangu mwanzo wa hip hop, DJ wa Bronx walikuwa wanatafuta kwenye santuri kile kipande ambacho ngoma inabaki peke yake, bila kujali santuri ni ya nani. Wakikipata wanakirudiarudia kwa santuri mbili ili watu wacheze. Vipande vingi vilitoka kwenye santuri za roki. The Big Beat ya Billy Squier, ya mwaka 1980, ilikuwa lulu kwao. Hata Walk This Way ya Aerosmith, iliyotoka miaka ya sabini, ilikuwa kwenye maboksi ya DJ wa hip hop miaka mingi kabla Run-DMC hawajaimba na wenyewe. Wachanaji walikuwa wanachana juu ya ile ngoma ya mwanzo tu, na DJ alikuwa anairudisha kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Kwa hiyo roki ilikuwa ndani ya hip hop toka utotoni. Kilichobadilika na Rock Box mwaka 1984, kisha na albamu hii mwaka uliofuata, ni kwamba badala ya kuazima ngoma ya roki kutoka kwenye santuri, walimleta mpiga gitaa studio, wakaacha gitaa lipige kelele wimbo mzima, kisha wakasema wazi kwamba ufalme wa roki ni wao. Na madai hayo yalikuwa na mizizi. Chuck Berry, Little Richard, Bo Diddley na Sister Rosetta Tharpe walikuwa watu weusi, na bila wao roki unayoijua isingekuwepo. Vijana wa Hollis walikuwa wanadai mali ya nyumbani.

Ukitubana tutoe jibu la neno moja, tutasema ni rap. Uti wa mgongo ni ngoma na sauti mbili. Ukilitoa gitaa, wimbo bado unasimama. Ukizitoa sauti, hausimami.

Gitaa kalipiga nani?

Eddie Martinez, mpiga gitaa wa studio wa New York. Ndiye aliyepiga pia kwenye Rock Box. Kama umewahi kusikia Addicted to Love ya Robert Palmer, umemsikia huyo huyo.

Usikilize wimbo wenye jina la albamu, lakini sikiliza gitaa peke yake. Mara nyingi anapiga noti chache nzito, anazirudia kama mtu anayegonga mlango, halafu katikati anaachia solo ndefu inayopita nyuma ya maneno bila kuwapisha wachanaji. Kwa kawaida solo ya roki inapewa uwanja wake, mwimbaji ananyamaza. Hapa wote wanasema kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Kwa sikio la leo unaweza kuona kama fujo. Sisi tunaona huo ndio utamu wake, na rap roki nyingi za baadaye ziliupoteza pale kila kitu kilipopangiwa zamu.

Na ngoma? Ni mtu au mashine?

Mashine. Larry Smith alipenda sana Oberheim DMX. Tofauti yake na Roland TR-808, ambayo maprodyuza wengi wa kwetu wanaijua kwa lile besi lake la kutetemesha sabufa, ni kwamba 808 inatengeneza sauti kwa umeme, wakati DMX ina sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Ndiyo maana ngoma za Run-DMC zinakuja kavu na ngumu, karibu na ngoma ya bendi. Gitaa likiwekwa juu yake linakubali.

Mashine hiyo ilipendwa kiasi kwamba mwanamuziki mmoja aliyepiga pamoja na Larry alijiita Davy DMX kwa ajili yake.

Larry Smith ni nani, na kwa nini mnamtaja kila saa?

Kwa sababu wengi hawamtaji. Ukiuliza nani aliunganisha rap na gitaa zito utaambiwa prodyuza Rick Rubin. Rubin ana heshima yake, na kwenye Raising Hell ana mkono wake. Lakini Rock Box na King of Rock zilitoka kabla hajaanza kufanya kazi na kundi hili, na aliyekaa kwenye kiti ni Larry Smith.

Alikuwa mpiga besi kabla ya kuwa prodyuza. Alipiga kwenye bendi iliyoitwa Orange Krush, na mdundo mmoja wa bendi hiyo ndio uliozaa Sucker M.C.'s. Angalia majina madogo ya nyimbo: Sucker M.C.'s iliitwa Krush-Groove 1, Hollis Crew ya albamu ya kwanza ikaitwa Krush-Groove 2, na wimbo wa mwisho wa albamu hii, Darryl and Joe, ni Krush-Groove 3. Ni familia moja ya midundo, na baba yao ni Larry. Wakati huohuo alikuwa anawatayarishia kundi la rap la Whodini, ambao muziki wao ni laini na wa kinanda, tofauti kabisa. Mtu mmoja aliyeweza kufanya yote mawili katika miaka miwili anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Alifariki Desemba 2014.

Mnasema ina ladha ya hip hop ya zamani. Mwaka 1985 si ndiyo ilikuwa mpya?

Ni kweli, wakati ule Run-DMC ndio walikuwa wapya. Walioitwa wakongwe ni Grandmaster Flash and the Furious Five na wenzao, waliopanda jukwaani na ngozi, manyoya na buti ndefu kama bendi za disko. Run-DMC walikuja na nguo za mtaani: suruali nyeusi, kofia nyeusi, Adidas bila kamba. Na wakati Sugar Hill walikuwa wanarekodi na bendi nzima, hawa walibaki na mashine ya ngoma.

Lakini namna ya kuchana waliirithi. Run alianza akiwa DJ wa Kurtis Blow, na mwenzake DMC alikuwa mpenzi mkubwa wa Cold Crush Brothers, kundi la Bronx lililosifika kwa kugawana mistari. Kwenye King of Rock sikiliza jinsi mmoja anavyoanza sentensi na mwenzake akaimalizia, wakati mwingine wakakutana kwenye neno moja la mwisho wakalipiga kwa pamoja. Ile ni kazi ya mazoezi ya uso kwa uso. Huwezi kuipata kwa kutumiana mafaili ya sauti kwenye simu.

Ile video ya makumbusho ina maana gani?

Kwenye video ya King of Rock, Run na DMC wanafika kwenye jengo la makumbusho ya roki. Mlinzi wa mlangoni, mzee mfupi mwenye miwani, anawacheka na kuwaambia hapo si mahali pao. Wanampita. Ndani wanatazama picha za magwiji kwenye televisheni, na wanaikanyaga glavu inayong'aa kama ile ya Michael Jackson.

Utamu wake unaongezeka ukijua tarehe. Mwaka 1985 jumba la heshima la roki halikuwa na jengo. Waheshimiwa wa kwanza waliingizwa mwaka 1986, na jengo lenyewe lilifunguliwa Cleveland mwaka 1995. Walikuwa wanavamia makumbusho ambayo bado hayajajengwa. Halafu mwaka 2009 Run-DMC wenyewe wakaingizwa humo, wakiwa kundi la pili la hip hop baada ya Grandmaster Flash and the Furious Five walioingia 2007. Jam Master Jay hakuiona siku hiyo. Aliuawa kwa risasi studio, Queens, tarehe 30 Oktoba 2002, na wenzake wakatangaza mwisho wa kundi.

Kuna wimbo wa rege humo ndani. Umeingiaje?

Roots, Rap, Reggae, wakiwa na Yellowman wa Jamaika. Kuna wanaosema umewekwa kwa ajili ya kujaza nafasi. Hatukubaliani nao, ingawa tunakiri mdundo wake hauna moto wa nyimbo za gitaa.

Kwanza, rap ina damu ya Jamaika. DJ Kool Herc, aliyepiga ile shughuli ya Bronx ya Agosti 1973 inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, alizaliwa Kingston na kuhamia New York akiwa kijana. Kumwalika Yellowman ilikuwa kwenda kusalimia nyumbani. Hapa Arusha, mji wenye marasta wengi na rege isiyokatika kwenye spika za mtaani, huu ndio wimbo ambao wazee wa kijiweni wanauelewa kabla ya vijana.

Pili, Yellowman mwenyewe. Ni mtu mwenye ualbino, alilelewa kwenye vituo vya watoto, akadharauliwa, kisha mwanzoni mwa miaka ya themanini akawa sauti kubwa kuliko zote kwenye dansi za Jamaika. Kwa nchi yetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina, kumsikia akijisifu kwa raha mbele ya maikrofoni si jambo dogo. Tunaupiga kwa heshima.

Nianze na wimbo upi?

Anza na King of Rock, kwa sauti ya juu. Kisha nenda kwenye You're Blind, ambao wengi hawaujui. Gitaa ni zito, na maneno yanamsema mtu anayepita mtaani kwake bila kuona dhiki iliyo mbele ya macho yake. Halafu Can You Rock It Like This, kuhusu raha na kero za kuwa maarufu. Mistari yake iliandikwa na LL Cool J akiwa bado kijana wa miaka kama 16, kabla hajatoa albamu yake mwenyewe.

You Talk Too Much ni wa kuchekesha, unamsema mtu asiyefunga mdomo, na kila kijiwe kina mtu wa kutungiwa wimbo huo. Jam-Master Jammin' ni wa kumsifu DJ. Malizia na Darryl and Joe ili usikie ngoma ikiwa tupu. It's Not Funny unaweza kuuacha.

Ukishazoea, irudie yote kwa mpangilio wake, maana Rock the House inayofungua imewekwa pale kwa kusudi la kuwasha taa.

Inatuhusu nini sisi wa Arusha?

Hip hop ya hapa nayo ilikua kwa kuchanganya kitu ambacho watu walisema hakichanganyiki.

Kundi la X Plastaz walianza Arusha mwaka 1996. Wakachukua kuchana kwa Kiswahili na kukuweka pamoja na uimbaji wa Kimaasai wa mwenzao Merege, ile sauti ya koo inayopanda na kushuka bila kujali ala. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004 chini ya OutHere, lebo huru ya Munich, Ujerumani. Walioizoea hip hop ya Marekani waliuliza hii ni rap au ni ngoma ya asili. Ni swali lile lile la rap au roki, na jibu ni lile lile. Sauti ya Merege haikuwa pambo lililobandikwa juu. Ilikuwa sauti ya mji ule ule ambao Faza Nelly na Gsan, wachanaji wa kundi hilo, walitembea, mji ambao ukishuka stendi unasikia Kimaasai, Kimeru na Kichaga kabla hujafika kwenye daladala. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Gsan mwaka 2009 alichana kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip hop za BET huko Marekani, pamoja na wachanaji wa huko.

Makundi yaliyofuata, kuanzia Nako 2 Nako hadi Weusi, wameufanya mji huu uitwe nyumba ya hip hop ya Tanzania. Hawakufanya rap roki, lakini wana ule ukavu wa ngoma na ule ugumu wa sauti tunaousikia kwa Run-DMC. Ukimsikiliza Joh Makini wa Weusi akisimama juu ya biti yenye vitu vichache, kisha ukarudi kwenye Darryl and Joe, utaelewa kwa nini tunaziweka kwenye jioni moja.

Wazee wetu waliisikia ilipotoka?

Kwa njia za kawaida isingewafikia. Mwaka 1985 redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya tisini. Muziki wa aina hii uliingia kwa kanda zilizonakiliwa juu ya kanda nyingine, mkononi mwa mabaharia, wanafunzi na ndugu waliokuwa nje. Kama nyumbani kwenu kuna kanda yenye Run-DMC, tafadhali usiitupe. Ilete tuisikilize, hata kama imeanza kuburuza.

Mchungaji wetu anasema roki ni muziki wa shetani. Mnasemaje?

Hatutabishana na mchungaji wako. Tutakueleza tu kwamba Run mwenyewe baadaye aliwekwa wakfu kuwa mchungaji, na leo watu wanamwita Rev Run. Maneno ya albamu hii ni ya majigambo, utani na maonyo. Isikilize, kisha pima mwenyewe.

Shikamoo. Nina miaka 15, Kiingereza changu si kizuri. Nitaelewa?

Marahaba. Utaelewa. Wanatamka neno zima, hawamezi herufi, na sentensi ni fupi. Anza bila kufuatilia maana, fuata nani anasema lini. Ukishajua sauti ya Run, iliyo nyembamba na ya haraka, na ya DMC, iliyo nzito na ya kunguruma, ndipo utafute maneno. Hutakutana na matusi ya kukufanya uzime redio mama akiingia.

Tuko Moshi, tunataka kutengeneza wimbo wa namna hii. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye ngoma, msianzie kwenye gitaa. Sauti za DMX zinapatikana kwenye programu nyingi za kutengenezea biti, FL Studio ikiwemo. Chagueni sauti tatu tu: ngoma ya chini, ngoma ya kupasuka, na matoazi yaliyofungwa. Pangeni mdundo ambao mnaweza kuchana juu yake dakika mbili nzima bila kuchoka. Kama mnahitaji kuongeza kinanda ndipo usikike vizuri, mdundo bado.

Kisha mtafute mpiga gitaa. Watu wanatuambia Moshi na Arusha hakuna wapiga gitaa la umeme, na hilo si kweli. Wako kanisani. Kila Jumapili kuna kijana anayepiga kwaya mbili na sifa, anajua kukaza waya, anajua kufuata mpiga ngoma anayekimbia. Mwendeeni kwa heshima, mwelezeni wimbo unahusu nini, na mkubaliane malipo kabla ya kurekodi.

Mkimpata, mwombeni apige noti tatu au nne, zile za nyuzi nene. Wapigaji wetu wengi wamelelewa kwenye dansi na sebene, vidole vyao vinapenda kukimbia juu, kwenye nyuzi nyembamba, na kujaza kila nafasi. Hapa mnataka kinyume: apige, azime nyuzi kwa kiganja, anyamaze, apige tena. Ule ukimya kati ya pigo na pigo ndipo maneno yanapokaa. Kuhusu mkwaruzo wa sauti, kama kuna amplifaya, iongezeni mpaka ianze kukwaruza yenyewe, kisha wekeni maikrofoni karibu na kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati. Katikati kabisa sauti inachoma sikio, na ukisogea ukingoni inafifia. Sogezeni kidogo kidogo huku mwingine akisikiliza kwa hedfoni, mtasikia pale inapokaa. Msipokuwa na amplifaya, chomekeni gitaa kwenye kompyuta na mtumie programu, ila punguzeni mkwaruzo kuliko mnavyotamani. Ukizidi, noti zinageuka kuwa mvumo tu.

Mwisho, sauti. Simameni wawili mbele ya maikrofoni moja, au mbili zilizo karibu, mkitazamana. Andikeni mistari kwenye karatasi moja, mwekeane alama nani anaingia neno gani. Fanyeni mazoezi mpaka mnaweza kuichana mkitembea kutoka Soweto hadi mjini bila kuangalia karatasi.

Tunaweza kukata kipande cha King of Rock tukakitumia?

Bila ruhusa, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi pamoja na rekodi yenyewe, na kwa santuri kama hii mnahitaji ruhusa ya mwenye wimbo na ya mwenye rekodi. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, watawaelekeza. Kwa maoni yetu ni heri mtengeneze noti zenu wenyewe. Eddie Martinez naye alikuja studio kupiga za kwake.

Naweza kuisikiliza kwa simu?

Ngoma utazipata, besi hutaipata, na besi ndiyo ala ya Larry Smith mwenyewe. Tafuta hedfoni za kuziba sikio au spika yenye tumbo. Kama bando linakubana, pakua albamu nzima mara moja pale penye Wi-Fi. Mwaka 2005 ilitoka tena ikiwa na rekodi za nyongeza. Hakikisha umezimaliza zile tisa za mwanzo kwanza.

Baada ya hii tusikilize nini?

Kuna njia mbili. Ukitaka kuona gitaa liliendelea vipi, nenda kwenye Licensed to Ill ya Beastie Boys, ya mwaka 1986, ambako Kerry King wa bendi ya roki nzito ya Slayer amepiga gitaa kwenye No Sleep till Brooklyn. Kisha ule wimbo ambao kundi la rap la Public Enemy na bendi ya roki nzito ya Anthrax waliurudia pamoja mwaka 1991, Bring the Noise, halafu albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine ya mwaka 1992, ambayo ni bendi kamili na hasira kamili.

Ukitaka kumjua Larry Smith, tafuta Escape ya Whodini, ya mwaka 1984. Haina gitaa zito. Ina besi iliyotulia na vinanda vya usiku, na ndiyo tutakayoipiga kijiweni tukimaliza hii.